Usikate Plombe

Kama gazeti lililopita lilikufikia likiwa limefungiwa ndakala, dagaa wetu wa hapa, na mafuta yakala mistari yangu ya mwisho, usijali. Nitakurudishia aibu yangu kwa ufupi.

Kwenye karatasi za serikali mimi ni Sitwayen, yaani Mwananchi, Banza. Kwa wanaonipenda, ambao wanapungua kila juma, ni Anatole. Napiga picha karibu na soko hapa Kalemie. Nilinunua gari jekundu la mbio, la milango miwili, kwa Lambert, yule aliyegawiwa garage ya Mgiriki mwaka ule serikali ilipochukua maduka ya wageni. Kabla ya hapo Lambert aliuza magodoro.

Kioo cha mwendo cha gari langu kinahesabu mpaka mia mbili na ishirini. Sijawahi kuuona mshale ukipita arobaini.

Ni kwa sababu ya garanti. Lambert alisema injini ni ya Ulaya, ya mashindano, na ikiharibika kabla mwaka haujaisha ataniletea nyingine mpya bure. Lakini garanti hiyo ina miiko mingi kuliko mganga. Usipite arobaini mpaka injini izoee kazi, jambo analoliita rodaje. Usipande mlima bila sababu. Usipakie watu wanene. Na juu ya yote, usifungue kapo, yaani mfuniko wa injini.

Ili nisijaribiwe, kapo lilifungwa kwa waya na plombe. Ni kile kidonge cha risasi wanachobana kwenye mlango wa behewa la mizigo kule stesheni, ili ijulikane kama kuna aliyefungua njiani.

Wasomaji wa mbali mtacheka. Sisi ni watu wa reli. Hapa mtu ataiba kuku wa padri, tena siku ya Pasaka, lakini behewa lenye plombe atalizunguka mbali. Lambert alitujua vizuri.

Tuko watatu tulionunua magari hayo: mimi, dokta na jaji. Kila Jumapili tunatoka pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka posta mpaka daraja la Lukuga. Tumejiita Kilabu ya Mbio. Tunakwenda polepole hivi kwamba wanaume wanavua kofia tukipita. Siku moja mama mmoja alitufuata akilia mpaka darajani, na huko ndiko alikouliza marehemu ni nani.

Basi, niliwaacha kwenye kilima cha misioni. Gari limezimika. Mimi niko kwenye usukani nimevaa abakosi yangu mpya, lile koti letu lisilo na tai, na nyuma yangu Mama Célestine anasukuma.

Mama Célestine ni shangazi yake Séraphine, na Séraphine ni mchumba wangu. Ndoa ni Jumamosi hii, salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, ikiisha. Mbele ya soko zima Mama Célestine ameshaapa kwamba Séraphine atashuka mlangoni pa kanisa kutoka kwenye gari jekundu, au hakuna ndoa. Mwaka jana binti wa jirani yake alipelekwa kanisani kwa jeep ya misioni, na tangu siku hiyo hawasalimiani.

Gari likashtuka, likakohoa, likawaka. Mama Célestine akapanguza jasho, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Anatole, huyu anakohoa hivi, miye namujua."

"Nani, Mama?"

"Moteri. Hiki kikohozi nilikisikia mahali."

"Ni kikohozi cha Ulaya, Mama."

"Basi Ulaya na Kataki wako na ugonjwa moja."

Sikumjali. Mama Célestine ana mashine ya kusaga mahindi kule Kataki. Tangu Lambert alipombadilishia injini, inasaga kwa kasi mpaka wanawake wanavuka daraja na mabeseni yao kuja kwake. Lalamiko lake ni moja tu, kwamba inakunywa esansi, yaani petroli, kama mlevi. Kwa hiyo siku hizi anajiona fundi.

Tulipofika kwao Séraphine gari likazimika tena, safari hii bila nia ya kuamka. Asubuhi nikaenda kwa Lambert. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha Mgiriki, anajipepea kwa kalenda.

"Lambert, gari imekufa."

"Haiwezi kufa. Iko na garanti."

"Basi imekufa pamoja na garanti yake. Jumamosi ni ndoa yangu!"

"Ulipita makumi ine ya rodaje?"

"Baiskeli njo zinanipita miye!"

"Ulipakiza muntu munene?"

Nikatazama dari.

"Shangazi ya fianse," nikasema. "Lakini alikuwa anasukuma."

"Na mbele hajaanza kusukuma, alikuwa wapi?"

"Mu gari."

Lambert akaweka kalenda mezani kwa huzuni kubwa.

"Ona sasa. Garanti haijakufa, lakini imepata homa. Tungoje inspekteri wa Lubumbashi. Yeye peke yake njo anaruhusiwa kukata plombe."

"Anafika lini?"

"Treni ikifika."

Nanyi mnaijua treni ya Kabalo. Inafika ikijisikia.

"Basi nifungue miye. Niangalie tu."

"Fungua. Gari ni yako. Lakini ukikata ile plombe, garanti imekufa saa ile ile, na moteri mupya utaenda kulomba kwa mama yako."

"Na Jumamosi?"

"Musukume. Kusukuma haivunji garanti. Weka maua mingi, watu hawataona."

Nilitamani kumpiga. Nilikunja ngumi kabisa. Lakini nikimpiga, nani atanipa injini mpya? Hiyo ndiyo garanti, ndugu zangu: inakufundisha adabu mbele ya mtu anayekuibia. Nikamshukuru, nikaondoka. Ndiyo, nilimshukuru.

Njiani nikapata wazo, nami nikipata wazo jueni kuna msiba unakuja.

Wazo lenyewe: nikate plombe, fundi yeyote atengeneze injini, kisha plombe nyingine ibanwe pale pale. Lambert atajua nini? Inspekteri atajua nini? Shida ni kwamba Kalemie nzima kuna mtu mmoja tu mwenye koleo la kubania plombe. Ni Papa Télesphore, mkuu wa mizigo stesheni. Na Papa Télesphore ndiye baba yake Séraphine.

Shida ya pili ni buko. Kwa watu wa Papa Télesphore, kabla ya ndoa mkwe hasemi na baba mkwe mdomo kwa mdomo. Unakaa, unatazama sakafu, na msemaji anasema kwa ajili yako. Msemaji wangu ni nani? Mama Célestine, aliyejichagua mwenyewe.

Nilikwenda Jumatano, watu walipotoka kazini. Nyumba yao iko Kataki, karibu sana na mashine ya Mama Célestine, na mngurumo wake unatikisa vikombe mezani. Séraphine alituletea maji, akanitupia jicho la pole. Nampenda yule binti. Nasema wazi, kwa sababu yaliyofuata hayakuonyesha hivyo.

"Ndugu yangu," akaanza Mama Célestine, "mukwe anakusalimia."

"Umuambie nimesikia," akasema Papa Télesphore. Magoti yetu yalikuwa karibu kugusana.

"Anasema gari yake inagonjwa."

"Umuambie niliona. Muji muzima uliona. Dada yangu anasukuma gari, yeye amekaa ndani kama gavana."

Nikamnong'oneza Mama Célestine taratibu: aombe kwa heshima, kama Papa anaweza kunisaidia kidogo na koleo lake. Nilitumia maneno mazuri, ningeweza kuyatumia kanisani. Mama Célestine akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Anasema umukopeshe koleo ya plombe, akadanganye nayo Lambert."

"Sikusema hivyo!" nikaropoka.

Nimemsemesha baba mkwe. Papa Télesphore akageuza uso ukutani.

"Célestine, kuna kitu kimelia mu nyumba. Ni panya?"

"Ni mukwe."

"Basi umuambie hivi. Treni inaweza kuchelewa. Treni inaweza kuanguka mu mutoni. Serikali inaweza kubadilisha majina ya miji yote na ya watu wote. Lakini plombe ya Télesphore ikisema ndani iko sukari, basi ndani iko sukari. Muntu anakuja kunilomba plombe ya uongo, kisha anataka nimupe mutoto wangu?"

"Anasema hapana," Mama Célestine akanitafsiria, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Umuambie tena hakuna ndoa. Na nataka kuona hiyo plombe yenyewe. Nani mwingine mu Kalemie iko na koleo, kama si miye?"

Kikombe kikamponyoka Séraphine. Moyo wangu nao ulianguka hapo hapo karibu na vipande. Niliingia nyumba ile nikitafuta koleo, sasa sina koleo wala mchumba.

Tukatoka nje. Gari lilikuwa pale pale lilipozimikia Jumapili, chini ya kamba ya nguo, shati la mtu limelala kwenye kioo. Papa Télesphore akavaa miwani, akainama, akakishika kile kidonge cha risasi kwa vidole viwili. Akakigeuza, akainuka.

"Hii ni yangu."

"Namna gani yako?" akauliza Mama Célestine.

"Ni alama ya koleo yangu! Na waya umezungushwa kwa kushoto, miye peke yangu njo nazungusha hivi. Koleo inalala ku musumari mu biro, ofisi yangu. Nani anaingia mu biro yangu? Séraphine na chakula. Na huyu nyuma yake, anabeba sufuria!"

Akanigeukia, uso kwa uso, akasahau buko na msemaji.

"Mwizi!"

Ndilo neno la kwanza baba mkwe wangu aliloniambia mwenyewe. Nimelitunza.

Majirani wakaanza kukusanyika, kwa sababu Kataki hakuna sinema. Mmoja alikuja na kiti chake. Niliapa kwa mama yangu, kwa padri, kwa bendera. Papa Télesphore alikuwa ameshavaa viatu aende kwa askari majandarme.

"Papa," akasema Séraphine. "Si ni weye ulifunga?"

"Miye?"

"Gari tatu zilifika na treni, Papa Lambert akazipeleka garage. Kisha alirudisha hii nyekundu ku stesheni, watu wanaisukuma. Alikuambia inapanda masua, meli ya kuvuka ziwa mpaka Kigoma, ufunge kapo wasiibe vyombo njiani. Nilikuwa nimekuletea chakula, bukari na samaki. Ulisimama, ukabana plombe, ukarudia kula."

Papa Télesphore akavua miwani. Akaivaa tena.

"Uliangalia ndani?" Mama Célestine akamuuliza.

"Samaki ilikuwa inapoa," akasema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyecheka, hata mwenye kiti. Nilimwonea huruma mzee yule, ingawa bado nilikuwa mwizi wake. Muuza magodoro alimfanya aapie kitu asichokiona.

Kisha huruma yangu ikaisha, kwa sababu mzee alituma koleo liletwe.

"Plombe yangu ilisema ndani iko nini?" akaniuliza.

"Moteri ya Ulaya, Papa. Ya mashindano."

"Tutaona kama ilisema kweli."

Akafungua meno ya koleo juu ya waya. Hapo mimi, niliyekuja kuomba plombe ikatwe, nikarukia kapo nikalilalia kifudifudi.

"Papa, hapana! Garanti!"

"Utoke!"

"Garanti itakufa, Papa! Inspekteri anakuja na treni!"

Séraphine akaja mpaka karibu na sikio langu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Anatole, unaoa miye ao unaoa garanti?"

Wasomaji, nilichelewa kujibu. Si sana. Ni kiasi cha mtu kumeza mate. Lakini alikuwa akinitazama koo, na aliona mate yakishuka.

"Kata," nikasema, nikashuka.

Waya ulikatika. Kapo likapanda likilia. Nilitegemea harufu ya mafuta na moto wa Ulaya, lakini kilichotoka ni harufu ya unga wa mahindi.

Katikati ya shimo kubwa la kulaza injini ya mashindano kilikaa kiinjini kidogo, cheusi, kimeegemezwa kwa vipande vya mbao na kufungwa kamba, kama kuku aliyelazwa kwenye kitanda cha maharusi. Unga mkavu umejaa kwenye kila kona yake.

Mama Célestine akanisukuma kando kwa kiuno.

"Yesu! Si ni yangu huyu!"

"Nini yako?" tukauliza sote.

"Moteri ya mashini yangu, ile ya zamani! Tuliitoa mu kamio, lori ndogo ya mikate, inasaga kwangu tangu mutoto wangu Denise anazaliwa. Ona hapa, niliziba na kipande cha sahani yangu ya maua. Lambert aliniambia imekufa, ameitupa mu Lukuga. Nilisema miye namujua anakohoa hivi! Nilisema ao sikusema?"

Alisema. Nilimjibu ni kikohozi cha Ulaya.

"Kama moteri yako iko humu," Papa Télesphore akamuuliza polepole, "ile mupya Lambert alikupa ilitoka wapi?"

Mngurumo ulikuwa ukitujia kutoka nyuma ya nyumba, na vichwa vyote vikageuka upande ule kwa pamoja.

Nilikimbia. Katika mwaka wa garanti hiyo ndiyo mara ya pekee nilipopita arobaini.

Ndani ya kibanda cha kusagia vumbi jeupe lilikuwa halionyeshi mtu. Wanawake wamepanga foleni na mabeseni. Kwenye kona kuna kasha kubwa la mbao, mkanda wa mashine unatoka ubavuni, na ndani ya kasha sauti. Nilisimama. Ilikuwa sauti nene, safi, haina kikohozi hata kimoja, inapanda kila mahindi yanapomiminwa na inashuka ikiimba. Machozi yalinitoka, na si kwa sababu ya unga. Nilikuwa nalisikia gari langu likikimbia kwa mara ya kwanza, na abiria wake ni mahindi.

Mfuniko wa kasha ulifungwa kwa waya. Kwenye waya, kidonge cha risasi.

Séraphine akamtazama baba yake.

"Na hii, Papa? Ulikuwa unakula tena?"

"Lambert alisema ni vyombo vya misioni," akanong'ona Papa Télesphore. Akanipa koleo mkononi, mwenyewe, bila msemaji. "Mukwe, nisamehe. Kata. Chukua kitu yako, Jumamosi mutoto wangu apande gari."

Mukwe! Aliniita mukwe. Nilipiga hatua kuelekea kasha na furaha yangu yote. Kabla sijafika, Mama Célestine alishafika. Alijigeuza, akakusanya kitenge chake, akakaa juu ya mfuniko kwa uzito wake wote. Ubao ulilia. Injini haikushtuka hata kidogo.

"Mama, toka. Ni moteri yangu."

"Yako wapi? Miye iko na garanti."

"Garanti gani?"

"Ya mwaka muzima, kwa Lambert! Alisema moteri ikiharibika atanipa ingine. Lakini plombe ikikatwa, garanti imekufa."

"Mama, Lambert ni mwizi! Umeona mwenyewe!"

"Nimeona gari yako. Mashini yangu haijaniibia kitu, inasaga. Na unajua inasaga unga ya nani? Ya ndoa yako. Ukiitoa, watu watakula nini Jumamosi? Watakula kapo?"

"Na nikiiacha, Séraphine atapanda nini? Si weye uliapa, bila gari nyekundu hakuna ndoa?"

"Niliapa, na sirudi nyuma." Akajiweka vizuri juu ya kasha. "Na ninaapa tena mbele ya hawa bamama. Mukwe anayekata plombe yangu, miye si musemaji wake. Hana musemaji, hana bibi."

Wanawake wa foleni wakapiga vigelegele. Nao walitaka unga wao.

Nikamtafuta Séraphine kwa macho. Amesimama mlangoni, nywele na nyusi nyeupe kwa unga, kama atakavyokuwa tukizeeka pamoja, kama tutazeeka pamoja. Nikamwonyesha koleo, maana yake, nisaidie.

"Pale ku gari nilikuuliza, ukameza mate," akasema. "Hapa nakuangalia koo."

Koleo liko wazi mkononi mwangu. Na chini ya makalio ya Mama Célestine gari langu linakwenda mia mbili kwa saa.